Vidonge vya Usingizi: Hukumu, Madhara na Namna ya Kujinasua

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola aliyewaumbia waja Wake usiku ili watulie na mchana ili watafute fadhila Zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.

UTANGULIZI

Miongoni mwa maswali yanayowafikia maimamu na walimu wa madrasa, hapa Mzinga na mitaa mingine ya mji wa Morogoro, ni la mtu aliyekosa usingizi kwa msiba, maradhi au mawazo ya maisha, akapewa vidonge hospitali au akavinunua mwenyewe dukani. Mwezi umepita, mwaka umepita, na sasa hawezi kulala bila ya kuvimeza. Anauliza: Je, hiki ninachokimeza ni ulevi? Swala zangu zinasihi? Na je, ni wajibu wangu kuviacha leo hii?

Aghalabu muulizaji huyu hupata moja ya majibu mawili. Wapo wanaomwambia kuwa havina neno, kwani si pombe wala bangi, na wapo wanaomwambia kuwa ni ulevi kama ulevi mwingine, hivyo avitupe chooni usiku huu na atubu. Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza linamwacha mtu azidi kuzama, na la pili linaweza kumsababishia degedege na hata mauti. Hapa hatutii chumvi, kama msomaji atakavyoona. Kwa hivyo ni lazima anayeulizwa aijue dawa yenyewe kabla ya kuitolea hukumu, kwani wanavyuoni wetu wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua.

USINGIZI NI NEEMA

Allah (S.W.) ametaja katika Suratun Nabaa, aya ya 9, kuwa Amefanya usingizi wetu uwe mapumziko, na katika Suratur Rum, aya ya 23, Akauhesabu usingizi wa usiku na mchana kuwa ni katika ishara Zake. Katika Suratul Anfal, aya ya 11, Anawakumbusha Maswahaba namna Alivyowafunika kwa usingizi mwepesi ukawa ni amani kutoka Kwake, wakati wa vita vya Badri.

Basi mtu anayelalamika kuwa hapati usingizi asidharauliwe. Amekosa neema kubwa, na kuitafuta kwa njia ya halali si udhaifu wa imani. Mji wetu haujasahau Agosti 10, 2019, pale lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya mia moja. Msiba kama ule huacha wajane, mayatima na majeruhi ambao usiku kwao huwa mrefu. Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu, na amefahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila Ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo ameipokea Abu Daud na wengineo kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.). Hivyo asili ya kutafuta dawa ya usingizi ni jambo linaloruhusiwa. Tatizo liko katika dawa yenyewe na namna inavyotumiwa.

HISTORIA FUPI YA DAWA HIZI

Kutafuta usingizi kwa dawa si jambo jipya. Matabibu wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), waliandika juu ya afyuni na mimea mingine ya kulaza na kutia ganzi, na walijua kuwa kuizidisha huua.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, dawa ya kiwandani iitwayo Veronal iliingia sokoni Ujerumani. Ikaunda ukoo unaoitwa barbiturati, na mwaka 1912 ikafuata fenobabitoni. Ukoo huu ulilaza watu kweli, lakini tofauti baina ya dozi ya kulaza na dozi ya kuua ilikuwa ndogo, na watu wengi wakafa. Leo hazitolewi tena kwa ajili ya usingizi, ila fenobabitoni imebakia kuwa dawa ya kifafa. Sisi watu wa mkoa wa Morogoro tuna historia nayo. Huko Mahenge, wilayani Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wagonjwa waliokuwa wakitengwa na jamii zao wakapata nafuu kwa kidonge hicho. Kwa hiyo dawa ya ukoo ule ule uliowadhuru wengi kwa kutafuta usingizi imekuwa rehema kwa mwenye kifafa. Hili ni funzo la mwanzo kwa mwenye kutoa fatwa, kwamba hukumu hufuata matumizi.

Baadaye ukaja ukoo wa benzodiazepini. Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, ndiye aliyegundua ya kwanza, ikauzwa kuanzia mwaka 1960. Mwaka 1963 ikafuata diazepamu, ambayo watu wengi huiita Valium kwa jina la kibiashara. Ilipokelewa kwa furaha kwa kuwa ni salama kuliko barbiturati, na katika miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa sana na madaktari wa Marekani. Ilichukua muda watu kutambua kuwa nayo inafunga. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilielekeza kuwa dawa za ukoo huu zitumike kwa muda mfupi tu, wiki mbili hadi nne. Mwezi Septemba 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za ukoo huu ziwekewe onyo kali juu ya matumizi mabaya, uraibu, utegemezi na madhara ya kuziacha ghafla.

Kuna pia dawa za karibuni zaidi kama zolpidemu, zilizodhaniwa kuwa hazina matatizo hayo. Mwaka 2013 mamlaka hiyo hiyo iliagiza dozi ya wanawake ipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa dawa ilibaki mwilini asubuhi na kuhatarisha uendeshaji wa gari. Mwaka 2019 ikaongeza onyo baada ya taarifa za watu walioamka wakiwa hawajitambui, wakatembea, wakapika au wakaendesha gari, na baadhi yao wakaumia au kufa.

NAMNA MTU ANAVYOFUNGWA

Allah (S.W.) ameuumba ubongo ukiwa na vitu vya kuuamsha na vitu vya kuutuliza. Benzodiazepini huongeza nguvu ya kile kinachotuliza. Mtu hulala, wasiwasi hupungua, misuli hulegea. Lakini mwili hupenda mizani. Ukiona utulivu unaletwa kutoka nje kila usiku, wenyewe hupunguza mwitikio wake. Matokeo ni kuwa kidonge kimoja kilichotosha mwezi wa kwanza hakitoshi mwezi wa tatu, na mtu huongeza. Hii ndiyo hali ya mwili kuizoea dawa.

Kisha huja hali ya pili, nayo ni utegemezi. Siku akikosa kidonge, ule mwili uliojipunguzia utulivu hubaki bila kinga. Usingizi hupotea kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza, moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka, hofu humjaa. Yeye hudhani ni maradhi yake ya zamani yamerudi, na hukimbilia kidonge, kumbe anakunywa dawa ya kutibu ukosefu wa dawa.

Lazima tutofautishe mambo mawili. Utegemezi wa mwili unaweza kumpata mtu mwema aliyefuata maelekezo ya daktari bila kuzidisha hata kidonge kimoja. Uraibu ni pale mtu anapoikimbilia dawa kwa matamanio, akaificha, akadanganya kwa ajili yake, akaendelea nayo huku akiona inambomoa. Anayewachanganya wawili hawa humdhulumu wa kwanza kwa kumwita mlevi.

MADHARA YALIYOTHIBITI

Kwanza, usingizi wa mchana na uzito wa akili. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi ya usiku huu hukuta mabaki ya jana na juzi. Fikiria dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa, anapita Morogoro na kuingia kipande cha barabara kinachokatisha hifadhi ya Mikumi. Kusinzia dakika moja kunatosha kuua walio mbele yake.

Pili, kuanguka kwa wazee. Mzee anayeamka usiku kwenda msalani huku dawa ingali mwilini huyumba, akaanguka, akavunjika nyonga. Kwa nyumba zetu za milimani Uluguru, ambako msalani ni nje na njia ni mteremko, hatari huzidi.

Tatu, kusahau. Dawa hizi hudhoofisha kuhifadhi mambo mapya. Mwanafunzi anayehifadhi Qur'an na mwalimu anayemfundisha walijue hili.

Nne, kusimama kwa pumzi. Ni hatari kubwa zikichanganywa na pombe, au na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni kama tramadoli, kodeini na mofini. Kila moja peke yake inaweza kuwa salama kwa dozi yake, lakini zikikutana huweza kuzima upumuaji wa mtu akiwa usingizini.

Tano, mama mjamzito. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa mlegevu, mzito wa kupumua na kunyonya. Mwenye mimba au anayenyonyesha asimeze bila ya daktari.

Sita, kugeuzwa ulevi wa mitaani. Vijana wa Mombasa wamezipa dawa za namna hii jina la bugizi. Dar es Salaam na Zanzibar watumiaji wa heroini wamezichanganya na unga, na hilo huongeza vifo. Wapo pia wahalifu wanaozitia katika vinywaji vya watu ili wawaibie.

Tusisahau vidonge ambavyo watu hawavihesabu kuwa ni vya usingizi. Wengi hunywa piritoni, dawa ya mzio na mafua, ili walale. Nayo huzoeleka baada ya siku chache ikawa haifanyi kazi, na kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa na kuzuia mkojo.

WALIYOYASEMA WANAVYUONI

Benzodiazepini haikuwapo zama za Maimamu, lakini misingi ya kuihukumu ilikuwapo. Imamu Shihabuddin Al-Qarafi wa Misri, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285), katika kitabu chake Al-Furuq alivigawa vitu vinavyogusa akili mafungu matatu. Kitu kinachoondosha akili pamoja na hisia, yaani kusikia, kuona na mfano wake, hicho ni muraqqid, kilazacho. Kinachoondosha akili bila ya hisia kikaleta na furaha na msisimko, hicho ni muskir, kileweshacho. Na kinachovuruga akili bila ya furaha hiyo, hicho ni mufsid, kiharibucho. Akasema kuwa mambo matatu yanahusu kileweshacho peke yake: adhabu ya hadd, unajisi, na uharamu wa hata kiasi kidogo. Ama kilazacho na kiharibucho, kiasi kidogo kisichofikia kuathiri akili na hisia hakiharamishwi.

Kwa mgawanyo huu, vidonge vya usingizi kwa asili yake vinaingia katika fungu la muraqqid. Havilingani na pombe, na wala havihusiki na Hadithi ya Tariq bin Suwaid (R.A.) katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alifahamisha kuwa ulevi si dawa bali ni maradhi. Lakini mtu akivitumia kwa wingi kutafuta starehe na kichwa chepesi, amekigeuza kilazacho kuwa kileweshacho, na atahukumiwa kwa alichokikusudia na kilichompata. Zaidi ya hapo ipo Hadithi ya Ummu Salama (R.A.) kwa Abu Daud ya kukatazwa kila kileweshacho na kila kilegezacho. Wapo waliozungumzia udhaifu katika isnadi yake, ila wanavyuoni wengi wameitumia katika mlango huu.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277) ametaja kujuzu kutumia dawa ya kuondosha akili, isiyokuwa kinywaji cha kulevya, kwa haja kama ya kukata kiungo kilichooza. Ikiwa akili nzima inaweza kuondoshwa kwa haja ya tiba, basi kulazwa kwa haja ya tiba kunajuzu zaidi, kwa sharti haja iwe ya kweli.

FATWA YA IBN HAJAR AL-HAITAMI

Linalopaswa kuandikwa kwa wino wa dhahabu ni jibu la Ibn Hajar Al-Haitami, mwandishi wa Tuhfatul Muhtaj, aliyeishi Makka na kufariki mwaka 974 Hijria (1567). Aliulizwa juu ya mtu aliyepewa mtihani wa kula afyuni na mfano wake, akafikia hali ya kuwa asipokula ataangamia. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), amelinukuu jibu hilo. Muhtasari wake ni huu: ikiwa ana yakini kuwa ataangamia, basi kula kwake ni halali, bali ni wajibu, ili ainusuru roho yake, kama mzoga kwa mwenye dharura. Hata hivyo ni wajibu juu yake kupunguza kidogo kidogo mpaka mwili usahau mazoea yake bila ya kuhisi. Akiacha kupunguza, basi ni mwenye dhambi.

Tazama fiqhi hii, ewe ndugu yangu. Hakumwambia atupe yote siku hiyo, wala hakumwambia aendelee tu kwa kuwa ana dharura. Amemwekea wajibu wa kuihifadhi nafsi na wajibu wa kujinasua, na akaviunganisha kwa njia ya kupunguza taratibu. Miaka zaidi ya mia nne baadaye, Profesa Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu benzodiazepini kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, na njia aliyoifundisha dunia ni hiyo hiyo ya kupunguza taratibu.

HUKUMU KWA UFUPI

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, na kwa aya ya 195 ya Suratul Baqara inayokataza kujitia katika maangamizo, hali za mtumiaji ni nne:

1. Aliyeandikiwa na daktari mjuzi kwa haja ya kweli, kwa dozi na muda uliowekwa. Huyu inajuzu kwake, wala hakuna karaha kukiwa na haja.

2. Anayejinunulia mwenyewe bila ya daktari na kuvifanya desturi. Huyu anafanya lisilofaa, kwani anajiingiza katika dhara bila ya ujuzi, na kadiri dhara inavyothibiti ndivyo uharamu unavyothibiti.

3. Anayevitumia kwa ulevi, au anayevichanganya na unga au pombe. Hii ni haramu bila ya shaka.

4. Aliyekwisha kufungwa, akiacha ghafla hudhurika. Huyu anaendelea kwa kadiri ya dharura huku akiwa na wajibu wa kutafuta tabibu na kuanza kupunguza. Suratul Baqara, aya ya 173, inamwondolea dhambi aliyelazimika, kwa sharti asiwe mwenye kutamani wala kuvuka mpaka.

Ama dawa hizi kutumiwa kwa mgonjwa wa degedege, kwa mwenye kufanyiwa upasuaji, au kwa fenobabitoni ya mwenye kifafa, hayo hayamo katika mjadala huu. Mwenye kifafa asiache dawa yake kwa sababu ya kusoma makala haya.

MASUALA YA IBADA

Suala la kwanza: Udhu. Aliyelala kwa dawa udhu wake umetenguka, kama aliyelala usingizi wa kawaida akiwa amejinyoosha. Na kama dawa imeondosha akili yake kabisa, udhu hutenguka hata akiwa ameketi imara.

Suala la pili: Swala iliyopita. Usingizi wa vidonge ambao mtu huamshika akiamshwa ni usingizi, hivyo akipitwa na Alfajiri ataiswali pale anapoamka. Mtume (S.A.W.) na Maswahaba zake walipitiwa na usingizi safarini waliporejea kutoka Khaibar, wakaiswali baada ya jua kuchomoza. Ama aliyezimia kabisa kwa dawa aliyoinywa kwa haja, madhehebu ya Shafi hayamlazimishi kulipa. Na aliyejiondoshea akili pasina haja analipa.

Suala la tatu: Kumeza wakati gani? Aswali Isha kwanza. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Anayemeza saa saba au saa nane ya usiku hujiwekea mtego, kwani Alfajiri itamkuta katikati ya nguvu ya dawa. Ameze mapema kwa maelekezo ya daktari, na aweke mtu wa kumwamsha.

Suala la nne: Kuswali akiwa amelewa dawa. Suratun Nisaa, aya ya 43, inamkataza mlevi kuikaribia swala mpaka ajue anachokisema. Anayeamka kichwa kizito lakini anajua asemacho, swala yake inasihi. Asiyejua asemacho asubiri mpaka akili irejee.

Suala la tano: Saumu. Kumeza kidonge baada ya Alfajiri kunafunguza. Aliyemeza usiku, akatia nia, akalala mchana kutwa, saumu yake ni sahihi kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, maadamu ni usingizi si kuzimia. Ila swala zilizompita ni deni juu yake.

Suala la sita: Talaka. Aliyepoteza akili kwa dawa aliyoihitaji, akatamka talaka asijue anachosema, talaka yake haipiti. Aliyejilevya kwa kusudi, kauli mashuhuri kwa Mashafi ni kuwa inapita. Kwa vile kuipima hali yake ni kazi ya uchunguzi, suala kama hili lipelekwe kwa Kadhi, lisiamuliwe barazani.

WANAOUZA

Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Abu Daud, ameweka dhamana juu ya anayejifanya tabibu hali hakujulikana kwa utabibu. Muuza duka anayemuuliza mteja "unataka vingapi?" badala ya "cheti kiko wapi?" anaingia katika onyo hili. Dawa hizi kimataifa zinasimamiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Hapa Tanzania dawa tiba zenye asili ya kulevya zinaguswa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na usajili wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muislamu mwenye duka la dawa ajue kuwa kutii utaratibu huu ni katika kutekeleza amana, na kipato cha kumuuzia mraibu anayejulikana kwa uraibu wake ni kumsaidia katika dhambi na uadui, jambo lililokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 2.

NAMNA YA KUJINASUA

Aliyetumia siku chache anaweza kuacha kwa urahisi. Aliyetumia kwa zaidi ya mwezi, asiache kwa siku moja. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa na kifo. Afuate haya:

1. Aende kwa daktari, mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro au kituo cha afya kilicho karibu, aseme kweli idadi ya vidonge na muda aliotumia. Aone haya kwa Mola wake, asimwonee haya tabibu.

2. Apunguziwe taratibu. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2025 unashauri kuanza na kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki mbili hadi nne, na isizidi asilimia 25 kwa wiki mbili. Kwa aliyetumia miaka, kazi hii huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi. Haraka ni katika shetani.

3. Akiona mambo magumu, abaki kwenye dozi aliyofikia kwa muda, kwa ushauri wa daktari. Lengo ni kutorudi nyuma.

4. Mtu wa nyumbani amshikie vidonge na kumpa vya siku moja moja. Hasa ikiwa ana huzuni kubwa au amewahi kutaja kutaka kufa, vidonge visiachwe mikononi mwake, na daktari aelezwe mara moja.

5. Asibadilishe kidonge kwa pombe, bangi au mizizi asiyoijua.

KUUTAFUTA USINGIZI KWA NJIA YAKE

Chuo cha Madaktari wa Marekani mwaka 2016 kilipendekeza kuwa tiba ya mwanzo ya ukosefu sugu wa usingizi iwe ni kurekebisha fikra na mazoea ya kulala, kabla ya dawa. Mazoea hayo ni kuamka saa ile ile kila siku, kutokaa kitandani macho wazi kwa muda mrefu, kufupisha usingizi wa mchana, kuacha chai ya rangi na kahawa kuanzia alasiri, na kuweka simu mbali.

Muislamu atakuta mengi ya haya tayari yamo katika mwenendo wake. Alfajiri inamwamsha saa zinazokaribiana mwaka mzima. Kailula ni usingizi mfupi. Kuchukia mazungumzo baada ya Isha kunamfungia mlango wa televisheni na simu. Kisha zipo Sunna za kulalia: kutia udhu, kulala ubavu wa kulia, kusoma Ayatul Kursiy, na tasbihi ambayo Mtume (S.A.W.) alimfundisha Bibi Fatma na Sayyidna Ali (R.A.), thelathini na tatu, thelathini na tatu na thelathini na nne. Asiyepata usingizi asijilazimishe kwa hasira. Ainuke, aswali rakaa mbili, arudi usingizi ukimjia. Suratur Ra'd, aya ya 28, inatuambia nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah.

Lakini asifahamu mtu kwamba mwenye dhikri hawezi kuugua. Ukosefu wa usingizi unaodumu huenda ukawa ni dalili ya huzuni iliyozidi, maumivu, tezi, au pumzi kukatika usingizini. Anayemwambia mgonjwa kuwa hana imani kwa sababu hakulala amesema asilolijua.

WITO KWA MAIMAMU

Ndugu zangu maimamu, mtu anapokujieni na pakiti ya vidonge mkononi, amekuja na amana. Msianze na neno haramu. Muulizeni mambo matatu: nani alikuandikia, umetumia kwa muda gani, na nini kilikuondolea usingizi hapo mwanzo. La tatu ndilo wengi hulisahau, na mara nyingi ndipo penye maradhi: deni, ugomvi wa mirathi, mtoto aliyepotea, mke aliyefariki. Hapo imamu ana kazi ambayo daktari hana muda nayo. Mpatanisheni na jamaa zake, mtafutieni msaada katika zaka na sadaka, na mwekeni jirani wa kumtazama. Kisha mpelekeni hospitali, na ikibidi nendeni naye.

Na mwambieni fatwa ya Ibn Hajar, kwamba kupunguza kwake kidogo kidogo si kuendelea na dhambi. Kila robo ya kidonge anayoipunguza kwa nia safi ni hatua katika kutekeleza wajibu, na anatarajiwa malipo kwa Mola wake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, awatulize wenye huzuni, na atujaalie usingizi wa amani na kuamka kwenye utiifu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.